Sabufa ya tundu au iliyofungwa? Shemeji anasema hivi, dukani wanasema vile

Fundi, shikamoo.

Naitwa Baba Zawadi, naishi Tabata, nyumba ya kupanga ambayo ukuta mmoja tunachangia na jirani. Mimi ni mtu wa muziki wa dansi tangu utotoni. Siku za kazi nikirudi jioni naweka Msondo au Sikinde, sauti ya wastani, nasikiliza gitaa la besi mpaka chakula kiive. Mama Zawadi akishika rimoti ni taarabu. Watoto nao wana singeli yao. Ijumaa na Jumamosi usiku tunazima taa, tunaangalia sinema sote.

Mwaka jana nilinunua resiva na spika tano. Kilichobaki ni sabufa, na nimeshaweka akiba ya laki nane. Wakati nafikiria, shemeji yangu kaniazima ya kwake nijaribu. Ni ya inchi 12, boksi lina urefu wa sentimeta 45, upana 40 na kina 40, na nyuma lina tundu lenye bomba la plastiki. Nimeiweka kwenye kona, pembeni ya TV.

Fundi, wiki tatu sasa sina raha. Sebule yetu ni mita 4.2 kwa 3.6. Kochi liko katikati kabisa kwa sababu nyuma yake kuna meza ya chakula. Mimi hukaa mwisho wa kochi, upande wa dirisha. Besi ikishuka chini kabisa inapotea, kama vile mpigaji ameweka gitaa chini akaenda kunywa maji. Ikipanda noti mbili tatu, inavimba mpaka vioo vya luva vinalia. Mama Zawadi akiwa jikoni, mlango uko ukuta wa pili, anasema inamgonga kichwani, na mimi niliyekaa mbele ya sabufa sisikii hata nusu ya hayo. Kwenye sinema, mlipuko ukija napata "bwaa" moja na upepo unapuliza kwenye tundu, lakini ule mtikisiko wa kwenye ukumbi wa sinema haupo.

Dukani Kariakoo wameniambia dawa ni kununua iliyofungwa, isiyo na tundu. Shemeji anasema nisithubutu, iliyofungwa haina nguvu, na kwa sinema lazima iwe ya tundu. Pesa niliyonayo ni ya sabufa moja tu, nikikosea sina ya kurudia. Nifuate la nani?

Baba Zawadi, Tabata

*

Marahaba, Baba Zawadi.

Jibu nakupa mapema usije ukasoma kwa wasiwasi: kwa muziki unaoupenda, kwa chumba hicho na kwa jirani huyo, nunua iliyofungwa. Ila usiende Kariakoo wiki hii. Nusu ya ugonjwa ulionieleza hauko kwenye sabufa ya shemeji yako, uko kwenye sebule, na ukinunua mpya leo utauhamishia kwenye boksi jipya ukadhani umeibiwa.

Nianze na ile noti inayopotea. Sauti ya besi ni mawimbi marefu, na chumba kina urefu wake ambao wimbi fulani linakaa sawasawa, ukuta kwa ukuta. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti inasafiri kama mita 349 kwa sekunde. Chukua hiyo, igawe kwa urefu wa chumba mara mbili. Mita 4.2 mara mbili ni 8.4, na 349 ukigawa kwa 8.4 unapata kama hezi 41 na nusu, yaani mitetemo 41 na nusu kwa sekunde. Wimbi la namna hiyo lina nguvu kwenye kuta zote mbili, ya mbele na ya nyuma, na katikati ya chumba linakufa kabisa. Kochi lako liko wapi? Katikati. Sasa waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa bila kukandamizwa, unatoa hezi 41.2. Yaani umekaa mahali pekee sebuleni ambapo noti ya chini kuliko zote za gitaa hilo haisikiki.

Na ile inayovimba? Upana wako ni mita 3.6. Hesabu ileile inatoa hezi 48 na nusu. Mpigaji akikandamiza waya huohuo kwenye kituo cha tatu anapata G ya hezi 49. Wewe umekaa mwisho wa kochi, jirani na ukuta wa dirisha, ambako wimbi la upana lina nguvu. Mlango wa jikoni nao uko ukuta wa upande wa pili, ambako lina nguvu vilevile. Mama Zawadi hasemi uongo, jikoni inagonga kweli. Kuta zetu za tofali za saruji hazinyonyi besi, zinairudisha karibu yote, ndiyo maana haya mambo nyumba za Dar yanasikika kwa ukali.

Hakuna boksi litakaloitibu hiyo, liwe la tundu au la kufungwa. Dawa yake ni bure. Sogeza kochi nyuma sentimeta 70, hata ikibidi meza ya chakula ihamie ukutani na kuvutwa wakati wa kula tu. Kama haiwezekani, itoe sabufa kwenye kona, iweke ubavuni mwa kochi, karibu na mkono wako. Ikiwa katikati ya urefu wa chumba haiamshi lile wimbi la urefu, na kwa kuwa iko jirani nawe utaisikia vizuri kwa sauti ndogo, jambo ambalo jirani wa ukutani atalishukuru. Kitakachohitajika ni waya mrefu wa kutoka kwenye resiva.

Kuna njia ya kutafuta mahali pazuri bila hesabu. Iweke sabufa juu ya kochi, hapohapo unapokaa. Weka wimbo ambao besi yake inatembea, inapanda na kushuka, uurudierudie. Kisha wewe piga magoti utambae pembezoni mwa ukuta, sikio likiwa chini, usawa ambao sabufa itakaa ikiwekwa sakafuni. Kuna sehemu utasikia noti zote zinalingana, hakuna inayomeza mwenzake. Hapo ndipo sabufa inapotakiwa kukaa. Watoto watakushangaa, wewe endelea.

Baada ya hapo ndiyo tuzungumze tundu.

Boksi lililofungwa ni kama pampu ya baiskeli uliyoiziba mdomo kwa kidole. Sukuma, hewa inakusukuma irudi. Hewa iliyofungiwa ndani inakuwa springi ya koni, ile sehemu ya spika inayoenda mbele na nyuma kusukuma hewa. Wazo hilo lililetwa sokoni mwaka 1954 na Mmarekani Edgar Villchur, na spika yake ya kwanza, AR-1, iliwashangaza watu kwa besi ya chini iliyotoka kwenye boksi dogo. Koni ikiambiwa simama, springi inaishika. Na unaposhuka chini ya uwezo wake, sauti inapungua polepole, desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktavu, yaani kila hezi zinapopungua nusu.

Boksi la tundu ni chupa ya soda. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu, inatoa noti moja. Jaza maji nusu, noti inapanda. Boksi na bomba lake lina noti yake namna hiyohiyo, na fundi aliyelitengeneza ndiye anayeichagua kwa ukubwa wa boksi, unene wa bomba na urefu wa bomba. Albert Thuras wa maabara ya Bell, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1932. Kwenye noti hiyo koni karibu inasimama, hewa ya bombani ndiyo inafanya kazi, na unapata sauti kubwa kwa amplifaya ileile. Shemeji yako hajakosea kusema ya tundu ina nguvu. Ila ukishuka chini ya noti ya bomba, sauti inaanguka kwa desibeli 24 kila oktavu, mara mbili ya ile nyingine, na koni inabaki bila breki, inarukaruka bila kutoa kitu. Ukiongeza volyumu hapo ndipo koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, zinagonga na kuungua.

Kwa hiyo ukiona tundu, swali ni moja: noti yake iko wapi? Hili wauzaji wengi hawalijui, na linaniuma, kwa sababu ndilo linaloamua kama pesa ya mtu imekwenda vizuri.

Nimepiga hesabu ya boksi la shemeji kwa vipimo ulivyonipa. Kama mbao ni ya milimita 18, ndani mnabaki kama lita 55, toa nafasi ya spika yenyewe, tuseme 52. Bomba hukulipima, lakini mabomba mengi ninayoyaona kwenye maboksi ya ukubwa huo yana kipenyo cha sentimeta 10 na urefu wa 12 hivi. Ingiza rula uhakikishe. Likiwa la hivyo, noti yake iko kati ya hezi 45 na 50. Unaona imeangukia wapi? Palepale kwenye hezi 48 za upana wa sebule yako. Boksi linapiga kelele kwenye G, chumba kinaipokea na kuizidisha. Luva zitaacha kulia vipi?

Na ndiyo sababu sinema haikutikisi. Sauti ya sinema ina chaneli yake ya besi, ile ".1" unayoiona kwenye "5.1". Imetengwa kwa ajili ya mambo mazito, inapanda hadi hezi 120 na imewekewa nafasi ya desibeli 10 zaidi ya chaneli nyingine. Radi, ndege inayoruka, jengo linaloporomoka, mengi ya hayo yanashuka chini ya hezi 30. Boksi lenye noti ya 45, ukifika hezi 22 na nusu, umeshapoteza desibeli 24. Lililofungwa lenye koni ya kufanana nayo limepoteza kama 12. Kwa hiyo lile linalosemwa mitaani, kwamba tundu ni la sinema, ni kweli kwa tundu lililotengenezwa kwa ajili ya kushuka, hezi 20 au 25. Hilo ni boksi kubwa na bomba refu. Ukitaka hezi 25 kwenye lita 60 kwa bomba la sentimeta 10, bomba linahitaji urefu wa kama sentimeta 55, na inabidi upige elbo ndani ili lienee. Sasa chungulia maboksi ya dukani uone mangapi yana bomba la urefu huo. Ule upepo uliousikia nao ni hewa nyingi inayolazimishwa kupita kwenye tundu dogo.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio hili. Chukua taulo, likunje kama chapati ya kukunja, liingize kwenye tundu mpaka lizibe vizuri, lakini lisidumbukie ndani. Umeshaifanya sabufa ya shemeji kuwa iliyofungwa, au karibu yake. Weka wimbo uleule wa Sikinde, sauti ya jioni, sio ya sherehe. Kisha vuta taulo, usikilize tena. Taulo likiwa ndani, besi itapungua ukubwa, usiogope, ongeza kidogo volyumu ya sabufa. Sikiliza vidole vya mpigaji: noti inaanza na inaisha, halafu kuna kimya kidogo kabla ya inayofuata. Bila taulo, kimya hicho kinajazwa na mkia wa bomba, kwa kuwa hewa iliyokuwa inayumba haisimami papo hapo. Waite na watoto waweke singeli yao. Singeli ikienda mapigo 240 kwa dakika, kila pigo lina robo sekunde tu, na kwenye boksi la noti ya juu mapigo yanaungana yanakuwa mngurumo mmoja. Taulo likiingia utaanza kuyahesabu tena.

Usifanye jaribio hilo kwa sauti kubwa, boksi hilo halikupimwa kwa ajili ya kuzibwa. Lengo ni masikio yako yaamue, sio mimi wala muuza duka.

Kuna jambo utalisoma kwamba sabufa iliyofungwa inasaidiwa na chumba: huko chini kabisa, chumba kidogo kilichofungwa kinaiongezea sauti kadiri inavyopungua. Ni kweli, lakini ni kwa nyumba zinazofungwa madirisha. Wewe una luva, na Februari hapa Dar hakuna anayelala wala kukaa na luva zimefungwa. Hewa inatoka, na msaada huo unatoka nayo. Kwa hiyo usitegemee iliyofungwa ya inchi 12 ikupe mtikisiko wa ukumbi wa sinema. Utapata radi safi, yenye umbo, isiyopuliza. Kama moyo wako ungekuwa kwenye sinema kwanza, na una sebule kubwa iliyoungana na chumba cha chakula, na jirani yuko mbali, ningekuambia tafuta ya tundu yenye noti ya hezi 25 kushuka chini, hata kama boksi lake ni kubwa kama friji ndogo. Lakini umeniandikia barua ambayo nusu yake ni Msondo na Sikinde, na sinema ni siku mbili kwa wiki. Nimekujibu kwa hiyo.

Laki nane ukienda nayo dukani, angalia pindo la koni, ule ukingo laini unaoizunguka. Chukua la mpira. La sponji kwa unyevu na hewa ya bahari ya huku linaoza, baada ya miaka michache ukiligusa linabaki kwenye vidole kama majani makavu. Nenda na simu yenye nyimbo zako mwenyewe, ukatae ule wimbo wa majaribio wa dukani ambao umechaguliwa kwa sababu unapendeza kwenye kila kitu. Omba wakupigie besi inayotembea na usikilize kama noti zote zina ukubwa mmoja. Na ukubwa wa wati ulioandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye katoni usikushughulishe. Tafuta wati endelevu (RMS) kwenye kile kibandiko cha nyuma, hizo ndizo za kweli. Umeme ukiyumba huko kwenu, toa kidogo kwenye hiyo laki nane ununue stabilaiza.

Wako watakaokuambia nenda Keko kachongeshe boksi. Mafundi seremala wa Keko wanajua kazi, na boksi la kufungwa unaweza kuwapa bila hofu, kwa sababu kosa la lita mbili tatu halionekani: MDF ya milimita 18, gundi kila kiungo, mkanda wa mbao katikati, na mpira kwenye ukingo wa spika ili hewa isivuje. La tundu usilichongeshe kwa kukisia. Linahitaji vipimo vya spika yenyewe, vile vilivyoandaliwa na Neville Thiele na Richard Small kule Australia kuanzia 1961, na kama karatasi ya spika haina namba hizo, bomba lako litakuwa la bahati nasibu.

Moja dogo ambalo wa nchi za baridi hawaliandiki: tundu ni mlango. Nimewahi kufungua sabufa ya mteja Mwananyamala iliyokuwa inakwaruza, nikakuta mende wamejenga ndani ya sufi, na mjusi aliyekauka amelala juu ya koili. Iliyofungwa haina shida hiyo.

Ikifika nyumbani, iweke pale ulipopapata kwa kutambaa. Kwenye resiva chagua spika zote ziwe ndogo na mpaka wa kugawana sauti (crossover) uwe hezi 80, ili spika tano zibaki na sauti za watu na ala, sabufa ibebe chini. Kisha weka wimbo, mtu mmoja ageuze swichi ya fezi nyuma ya sabufa, 0 na 180, wewe ukiwa umekaa kwenye kochi. Upande wenye besi iliyojaa ndio wa kuacha. Volyumu ya sabufa ipandishe mpaka uanze kuijua iko wapi, halafu rudi nyuma kidogo. Usiku, baada ya saa nne, punguza tena, besi ndiyo inayopita kwenye ukuta wa jirani hata kama yeye hasikii wimbo.

Shemeji yako mrudishie sabufa yake na taulo ndani ya tundu. Mwambie alisikilize hivyo jioni moja kabla ya kulitoa, na akitaka kulibakiza tundu, alete vipimo vya bomba na namba iliyoandikwa kwenye sumaku ya spika, nitamhesabia bure urefu unaolifaa boksi hilo.